Umbo la Kichwa cha Mtoto Mchanga na Jua la Gatwekera

Mtoto azaliwapo katika Gatwekera, kimojawapo cha vijiji vya Kibera jijini Nairobi, kinachopakana na Kianda na Kisumu Ndogo, majirani huja kumpongeza mama na kumtazama mgeni wao. Wakiisha kujua kama ni wa kiume au wa kike, na wakiisha kubishana amefanana na nani, macho yao hutua juu ya kichwa. Hapo ndipo maneno huanza. Huyu husema kimechongoka kama papai, yule husema kimelala upande, na mama mkwe, ambaye amesafiri usiku kucha kutoka Siaya au Busia, huvua shuka yake begani na kukunja mikono tayari kwa kazi.

“Mwanangu, hebu nipatie maji ya moto na mafuta. Kichwa hiki kisipofinyangwa kingali laini, mjukuu wangu atakuwa na kichogo maisha yake yote.”

“Lakini, Mama, nesi alituambia tusikibonyeze.”

“Nesi mwenyewe amezaa wangapi?”

Swali la namna hiyo halina jibu, na mara nyingi maji ya moto huletwa. Sisemi kwamba bibi ni mjinga, maana amelea watoto na wakakua, na vichwa vyao vikawa vizuri. Shida ni kujua kama vilikuwa vizuri kwa sababu ya mikono yake au vingalikuwa vizuri hata kama mikono yake ingalikaa Siaya. Tena kuna jambo jingine kubwa zaidi, ambalo limeonekana wazi hapo hapo Kibera. Kichwa cha mtoto hubadilika umbo kwa sababu mbalimbali. Nyingine hupita zenyewe bila dawa wala mkono wa mtu. Nyingine hazipiti, nazo ndizo ambazo mara nyingi hatuziangalii.

Yafaa tuanze na fuvu lenyewe. Fuvu la mtu mzima ni kama chungu kilichokwisha kuchomwa, ni kitu kimoja kigumu. La mtoto mchanga ni vipande vilivyokaa karibu karibu: viwili vya paji la uso, viwili vya juu, kimoja cha kisogoni, na vingine vya ubavuni. Katikati ya vipande hivyo hakuna mfupa, bali utando mgumu unaonyumbuka. Mahali vipande vinapokutana pembe kwa pembe pana nafasi kubwa zaidi. Ile ya mbele, yenye umbo la kishada cha watoto, ndiyo tuiitayo utosi, nayo mama huona ikipwita mtoto anyonyapo. Iko na nyingine ndogo nyuma, ambayo wengi hawaijui, maana hufunga mapema, kadiri ya miezi miwili au mitatu. Utosi wa mbele hufunga kwa watoto wengi kati ya mwezi wa 12 na wa 18, ingawa wako wazima kabisa ambao hungoja hata karibu miaka miwili.

Sababu ya mpango huo ni mbili. Kwanza, kichwa cha binadamu ni kikubwa na njia ya kuzaliwa ni nyembamba. Uchungu ushikapo, vipande vya fuvu hupandana kidogo kama mabati ya paa yapandanavyo, na kichwa kikapita kikiwa kirefu na chembamba. Mama aliyekaa katika uchungu muda mrefu, hasa wa mtoto wa kwanza, hupata mtoto mwenye kichwa kirefu zaidi. Aliyezaa kwa kupasuliwa kabla ya uchungu kushika hupata mtoto mwenye kichwa cha mviringo kama chungwa, na majirani humsifu kana kwamba ni kwa werevu wake. Katika siku chache, au majuma machache, mabati yale hurudi mahali pake. Uvimbe laini wa ngozi juu ya kichwa hunywea siku chache baada ya kuzaliwa. Lakini kuna uvimbe mwingine, wa damu iliyojikusanya chini ya utando wa mfupa mmoja, ambao huonekana siku ya pili au ya tatu. Huo hukaa majuma mengi, pengine miezi. Hautobolewi, haukandwi wala haufungwi kitambaa. Huachwa mpaka mwili wenyewe uinyonye damu ile.

Sababu ya pili ni ubongo. Mtoto azaliwapo, ubongo wake una uzito upatao robo tu ya uzito wa ubongo wa mtu mzima. Afikapo miaka miwili umefika robo tatu au kupita, na afikapo miaka sita umekaribia sehemu tisa katika kumi. Mfupa ulioshikamana tangu mwanzo ungeubana ubongo huo kama kiatu cha mwaka jana. Kwa hiyo si fuvu linalouamrisha ubongo ukubwa, bali ubongo ndio unaolisukuma fuvu, na fuvu hufuata. Hilo likumbukwe, maana ndilo linaloeleza karibu kila jambo katika habari hii. Kitu kinachosukumwa kutoka ndani kila siku hurudi katika umbo lake chenyewe, ila kikizuiwa.

Baada ya mwezi mmoja au miwili, wakati ule urefu wa kuzaliwa umekwisha kusahauliwa, mama huona jambo jipya: kisogo kimekuwa bapa, au upande mmoja umelala na sikio la upande huo limesogea mbele kidogo. Hilo hutokana na kulala. Mtoto mchanga hulala sehemu kubwa ya saa za siku, na fuvu lake ni laini. Akipenda kugeukia upande mmoja, pengine upande wa mlango uletao mwanga, basi upande huo hulala. Katika mwaka wa 1992 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilitoa shauri kwamba watoto wachanga walazwe chali au ubavu, si kifudifudi, maana ilikuwa imeonekana kwamba wengi waliokufa ghafula usingizini walikuwa wamelazwa kifudifudi. Vifo vile vilipungua sana, kwa nusu hivi. Lakini visogo bapa vikaongezeka. Nadhani hakuna mzazi mwenye akili atakayeona hasara katika biashara hiyo. Mtoto na alazwe chali.

Na hapa mama wa Afrika ana faida moja ambayo hakuifikiri. Mbeleko imwekayo mtoto mgongoni humwondolea kisogo uzito wa kitanda kwa saa nyingi za mchana, na kila akiinua kichwa kutazama watu shingo yake hupata nguvu. Mtoto ambaye bado hajakaza shingo yafaa abebwe kwa mbele, kichwa kikishikwa, uso ukiwa wazi apate pumzi. Akiwa macho na mtu yupo karibu, alazwe kwa tumbo muda mfupi mara kadhaa kwa siku. Akigeukia upande mmoja tu kila siku, abadilishwe upande wa kulalia ili mwanga umwite kutoka upande wa pili. Na kama shingo imekaza haigeuki kabisa, apelekwe kliniki, kwa sababu pengine msuli wa shingo ni mfupi nao hunyoshwa kwa mazoezi. Kisogo bapa huonekana zaidi kadiri ya mwezi wa nne. Mtoto akianza kugeuka mwenyewe na kukaa, hupungua, na nywele zikiota husahauliwa.

Sasa bibi atauliza, je, mikono yangu haifanyi kitu? Jibu lake liko kaskazini-mashariki ya Kongo, kwa Wamangbetu. Mjerumani mmoja, Georg Schweinfurth, aliyefika katika baraza la mfalme wao Mbunza mwaka wa 1870, alisimulia utukufu wa jamaa ile. Watu hao walipata kujulikana duniani kwa picha za wanawake wao wenye vichwa virefu vilivyoelekea nyuma. Wakubwa wa kabila walifunga vichwa vya watoto wao wachanga kwa kamba na kuviacha vikikua katika umbo lile, nalo likawa alama ya uungwana. Desturi hiyo ilifika mwisho wake kadiri ya miaka ya 1950, wakati serikali ya Wabelgiji ilipoikataza. Watu wale hawakupungukiwa akili, maana ubongo ulipata nafasi yake upande wa nyuma. Lakini tazama kazi iliyohitajiwa: kufunga tangu siku za kwanza, mchana na usiku, mwezi baada ya mwezi. Ikiwa ndivyo, dakika kumi za mikono ya bibi asubuhi zaweza kubadili nini? Akipaka mafuta taratibu, mtoto hustarehe na bibi hufurahi, wala hakuna ubaya. Akibonyeza kwa nguvu, mtoto huumia bure.

Wazungu nao wana yao. Katika Ulaya na Marekani watoto wenye visogo bapa huvalishwa kofia ngumu zilizotengenezwa kwa kipimo cha kichwa, wakazivaa karibu saa zote za siku kwa miezi, na bei yake si ndogo. Mwaka wa 2014 madaktari wa Uholanzi walichapisha habari ya watoto 84 waliogawanywa mafungu mawili kwa kura: wa kofia na wasio na kofia. Walipotimiza miaka miwili, vichwa vya mafungu yote mawili vilikuwa vimepona kwa kadiri ile ile.

Hayo yote ni ya namna ya kwanza, yaani mabadiliko yanayopita. Yako machache yanayofanana nayo bali hayapiti: mtoto mmoja katika kila 2,000 au 2,500 hivi huzaliwa na viungio vya fuvu vilivyofunga kabla ya wakati, na kichwa chake huzidi kupotoka kadiri akuavyo badala ya kunyooka. Pengine mama hugusa ukingo mgumu kama mshono mahali kiungio kilipofunga. Huyo ahitaji daktari wa upasuaji, tena mapema, katika mwaka wa kwanza.

Nimekuja sasa kwenye jambo la Gatwekera lenyewe. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilikuwa na zahanati katika Kibera kwa miaka mingi, mpaka lilipozikabidhi kwa serikali ya jiji la Nairobi mwaka wa 2017. Mwaka wa 2014 waganga wake walichapisha habari ya watoto waliowatibu hapo kwa ugonjwa wa mifupa laini, ule ambao wengi wetu huuita matege kwa sababu twaujua kwa miguu iliyopinda. Wakauita ugonjwa unaozuilika ila umepuuzwa. Msomaji wa shambani atashangaa. Ugonjwa huo huletwa hasa na upungufu wa vitamini D, na vitamini hiyo mwili hujitengenezea wenyewe ngozi ipigwapo na jua. Nairobi iko karibu kabisa na ikweta. Je, mtu anaweza kukosa jua Nairobi?

Anayeshangaa na aende Gatwekera aone. Nyumba nyingi ni chumba kimoja, futi kumi kwa kumi, kuta za udongo au mabati, dirisha halipo au ni tundu tu. Mabati ya nyumba hii hukaribia mabati ya ile hata kichochoro cha katikati hakioni jua ila saa sita, na hapo mitaro ya maji machafu hupita. Mama hutoka alfajiri kwenda kufua nguo za watu katika mitaa ya wenye nafasi, au kwenda viwandani. Mtoto huachwa ndani na dada yake, au katika chumba cha kulelea watoto kwa malipo ya siku, pamoja na wengine wengi, na mlango hufungwa wasipotee. Akitolewa nje, hufunikwa shali na kofia ya sufu kwa hofu ya baridi na ya macho ya watu. Wala si kwamba mama hampendi mtoto wake. Ampenda, na ndiyo maana amemfunika. Ongeza kwamba maziwa ya mama, ambayo yana kila sifa, hayana vitamini D ya kutosha, na kwamba ngozi nyeusi huhitaji kukaa juani muda mrefu zaidi kuliko nyeupe ili kutengeneza kadiri ile ile. Basi mtoto hukaa gizani chini ya jua la ikweta.

Sisi wote hutazama miguu, lakini miguu hupinda mtoto akianza kusimama. Kabla ya hapo kichwa kimekwisha kutoa habari. Mfupa wa kisogo huwa laini, ukiugusa kwa kidole hubonyea na kurudi kama mpira mdogo wa meza. Paji la uso hutokeza mbele, pande mbili kama vifundo, na kichwa kikaonekana kama kisanduku chenye pembe. Majirani husema, “Huyu atakuwa mwalimu, tazama paji lake!” na mama hutabasamu. Utosi hukawia kufunga, hata miaka miwili ikapita. Meno hayaoti kwa wakati. Vifundo vya mikono huvimba, na kwenye mbavu huonekana uvimbe mdogo mdogo uliopangana kama shanga za tasbihi. Mbavu laini hazivuti pumzi sawasawa, na mtoto huyo hushikwa kwa urahisi na homa ya mapafu. Kalisi ya damu ikishuka sana, hupatwa na degedege, na watu wakatafuta mchawi.

Hilo ndilo umbo la kichwa lililostahili kumshughulisha bibi. Kisogo bapa kitajirekebisha. Paji la matege halitajirekebisha maadamu mtoto yuko gizani. Lakini likijulikana mapema, tiba yake ni rahisi kwa namna ya ajabu: dawa ya vitamini D na kalisi, kwa kipimo cha mganga, na watoto wadogo wengi mifupa yao hukaza na kunyooka kidogo kidogo. Kinga ni rahisi zaidi. Mtoto avuliwe shali, uso na mikono na miguu yake ionekane, akae na mtu juani nusu saa hivi kila siku, kama saa tatu au saa nne asubuhi, mahali popote penye nafasi, hata kama ni kando ya kanisa au uwanja wa shule. Reli si mahali pake, ingawa wengi hukaa hapo. Akiisha kuanza kula, apewe omena waliosagwa pamoja na mifupa yao, maana humo mna kalisi nyingi kuliko katika samaki mkubwa ambaye mifupa yake hutupwa. Na maziwa yakipatikana, apewe. Yule anayelea watoto wa watu kwa malipo ya siku aweza kuwatoa nje kwa zamu. Mimi naona afadhali wazazi wamwombe hilo kuliko kumwomba uji wa ziada.

Utosi nao una lugha yake. Mtoto akiwa ametulia, ameinuliwa wima, utosi wake huwa sawa na kichwa au umebonyea kidogo sana. Akilia hutuna, na hilo si neno. Ukizama kama kishimo, mtoto amekaukiwa na maji, na katika Gatwekera sababu yake karibu siku zote ni kuhara. Vyoo ni vichache, na mipira ya maji hupita katika mitaro, ingawa pako mahali ambapo mabomba yamepitishwa juu kwa nguzo ili yasiguse uchafu. Wako wanaoona utosi uliozama ni ugonjwa wenyewe, wakaupaka masizi au dawa za majani ili uinuke. Lakini utosi ni kama kibao kionyeshacho maji ya tangi. Kukipaka rangi kibao hakujazi tangi. Mtoto ahitaji maji mwilini. Anyonyeshwe zaidi, apewe ile dawa ya pakiti ya ORS iliyochanganywa katika maji safi kama ilivyoandikwa juu yake, na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Kama pakiti haipatikani upesi, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa na mwiko wa kijiko, vitamsaidia wakati anapelekwa zahanati. Asiyeweza kunyonya, au aliyelegea, apelekwe saa hiyo hiyo.

Utosi uliotuna na kukaza hali mtoto ametulia ni jambo jingine, na ni la hatari. Pamoja na homa, huenda ni homa ya uti wa mgongo. Bila homa, na kichwa kikizidi kukua mbio, huenda ni maji yaliyojaa ndani ya kichwa.

Hapa ndipo ukubwa unapotakiwa kupimwa, wala si kukisiwa kwa macho. Utepe wa fundi cherehani watosha. Huzungushwa juu kidogo ya nyusi na kupita mahali kisogo kilipotokeza zaidi. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kiume wa kawaida huzaliwa na kichwa cha sentimita 34 na nusu hivi, wa kike karibu 34. Wakitimiza mwaka ni 46 na 45. Wakitimiza miaka miwili ni 48 na 47. Kichwa huongezeka sentimita mbili hivi kwa mwezi katika miezi mitatu ya kwanza, kisha moja, kisha nusu. Tofauti ya sentimita moja na nusu kati ya mtoto na mtoto si ugonjwa. Mwingine kichwa kikubwa amekirithi kwa baba yake, na tiba ya hilo haipo. Neno ni mwendo wake. Kichwa kilichokwenda pamoja na wenzake kisha ghafula kikawaacha mbali, au kilichosimama kisikue, hicho ndicho cha kupelekwa kwa daktari.

Sisi makarani twapenda tarakimu, kwa hiyo nitasema neno moja juu ya tarakimu hizo. Katika miaka ya 1930 walikuwako hapa Nairobi madaktari wawili, H. L. Gordon na F. W. Vint, waliopima vichwa na ubongo wa Waafrika, wakaandika kwamba ni wadogo na kwamba hilo laonyesha upungufu wa akili. Maneno hayo yalizungumzwa hata London. Miaka themanini hivi ikapita. Kuanzia mwaka wa 2009 wataalamu walipima watoto katika miji na wilaya nane za dunia, ili kujua mtoto mwenye mama mwenye afya na chakula cha kutosha huzaliwa na ukubwa gani. Mojawapo ya mahali hapo nane palikuwa Parklands, Nairobi, pamoja na Muscat ya Omani, Oxford ya Uingereza na kwingineko. Watoto zaidi ya 20,000 walipimwa, na mwaka wa 2014 kikatolewa kipimo kimoja cha dunia nzima, kichwa kikiwamo, kwa sababu watoto wale walifanana mno. Kutoka Parklands hadi Gatwekera ni safari fupi ya matatu.

Ugonjwa wa maji ya kichwani inafaa ujulikane, maana watoto wengi wamefichwa ndani kwa aibu mpaka kichwa kikawa kizito kuliko mwili. Dalili zake ni kichwa kinachokua kupita kiasi, utosi mpana uliokaza, mishipa iliyosimama kichwani, na macho yanayotazama chini kama jua linalotua. Maji hayo si ya uchawi. Kila ubongo hutengeneza maji yake na kuyatoa. Njia ikizibwa, yanajaa. Katika Mbale, Uganda, iko hospitali ya watoto ya CURE, ambapo daktari Mmarekani Benjamin Warf alitibu watoto wengi sana tangu mwanzo wa miaka ya 2000. Mwaka wa 2005 alionyesha kwamba zaidi ya nusu yao walipata ugonjwa huo baada ya kuambukizwa vijidudu, wengi katika mwezi wa kwanza wa maisha. Kwa hiyo mikono safi, wembe mpya wa kukatia kitovu, na kumwahisha hospitali mtoto mchanga mwenye homa ni kinga ya kichwa pia. Zamani tiba ilikuwa mrija mmoja wa kuteremsha maji hadi tumboni, nao ukiziba mtoto aliye mbali na hospitali huweza kufa. Warf alitumia njia ya kutoboa kitundu ndani ya ubongo na kuchoma sehemu ya tishu itengenezayo maji, mrija usihitajiwe. Na jaribio la watoto 100 huko Mbale, lililochapishwa mwaka wa 2017, halikuona tofauti kati ya njia hizo mbili baada ya miezi 12. Hapa Kenya hospitali ya Kijabe imepata sifa kwa upasuaji wa watoto wa namna hii, na Hospitali Kuu ya Kenyatta iko karibu na Kibera hata mtu aweza kwenda kwa miguu. Aliyefika akiwa na miezi miwili ana matumaini mengi kuliko aliyefika akiwa na mwaka.

Watoto wengine wenye maji ya kichwani huzaliwa na mgongo wazi, na hao baadhi yao wangeweza kukingwa kabla ya mama kujua kwamba ana mimba. Mfereji wa uti wa mgongo hujifunga katika siku 28 za kwanza tangu mimba kutungwa, nao huhitaji vitamini iitwayo asidi ya foliki. Tangu mwaka wa 2012 sheria ya Kenya yataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa katika pakiti utiwe vitamini na madini, asidi hiyo ikiwamo. Lakini katika Gatwekera watu wengi hununua mahindi kwa gorogoro na kuyapeleka posho mill, au hununua unga uliosagwa hapo, kwa sababu ni rahisi, na unga huo hauna kitu kilichoongezwa. Sukuma wiki na maharagwe vina sehemu ya vitamini hiyo, bali sukuma iliyochemshwa muda mrefu hupoteza nyingi. Mwanamke anayetazamia kuzaa mwaka huu na asingoje tumbo lionekane. Aende kliniki aulize vidonge vya asidi ya foliki, kimoja kwa siku, aanze kuvimeza mwezi mmoja au miwili kabla, wakati bibi wa Siaya bado hajapanda basi.